Flugelihoni ipi ununue? Tano mezani, na ipi imfae nani

Kwetu hakuna anayeanza muziki kwa flugelihoni, yule ndugu wa tarumbeta mwenye sauti laini. Mtu huanzia tarumbeta au korneti, kwenye bendi ya kanisa, ya shule au ya jeshi, anapuliza miaka kadhaa, halafu siku moja anasikia chombo kinachofanana na chake lakini kinaongea taratibu, kama mtu aliyekaa nawe barazani usiku. Huenda alikuwa Hugh Masekela, yule Mwafrika Kusini aliyezaliwa Witbank mwaka 1939 na kutuacha mwaka 2018, ambaye wengi wetu tunamkumbuka na flugelihoni mkononi kuliko tarumbeta. Huenda alikuwa Clark Terry au Art Farmer, Wamarekani wa jazi. Au ilikuwa bendi ya Jeshi la Wokovu Jumapili asubuhi, na katikati ya zile korneti kuna sauti moja laini usiyojua inatokea wapi.

Basi anaitaka. Anaingia mtandaoni, anakuta moja ya dola 300 na nyingine ya dola 4,000. Zote zina vali, yaani vile vibonyezo vya kubadilisha noti, zote zinang'aa, na picha hazimsaidii kitu. Hapo ndipo wengi hukwama. Mimi nilikwama hapo hapo, kisha nikajikwamua vibaya, kama nitakavyosimulia.

Nimeweka mezani tano: ile isiyo na jina kutoka viwanda vya China, Yamaha YFH-631G, Bach Stradivarius 183, Getzen Eterna 895 ya vali nne, na ya Kijerumani ya vali za kuzunguka, yaani rotari. Ziko nyingi nyingine nzuri. Courtois wa Ufaransa na Adams wa Uholanzi wana wapenzi wao, na wana haki. Lakini hizi tano zinatosha kukuonyesha njia zinapoachana, na ukishaijua njia yako, jina la kiwanda ni kazi ndogo.

Vipimo kabla ya majina

Tarumbeta, bomba lake huenda na unene ule ule sehemu kubwa ya safari, halafu linapanuka kuelekea kinywani, yaani ule mdomo mpana unaotolea sauti. Flugelihoni hupanuka karibu njia nzima, ukiacha pale kwenye vali. Urefu ni ule ule, noti ya msingi Bb ile ile, vidole vile vile. Huko kupanuka ndiko kunakoipunguzia ukali. Na ndiko kunakoleta usumbufu wake mkubwa, maana mabomba mawili yakiwa yanateleza moja ndani ya jingine lazima unene wake usibadilike njiani. Ndiyo sababu flugelihoni za pistoni, yaani za vali zinazopanda na kushuka, kwa kawaida hazina lile bomba kubwa la kutuni (kurekebisha sauti ikae mahali pake) ulilozoea. Hutuniwa mwanzoni kabisa: bomba la mwanzo, pale unapochomeka kikombe cha kupulizia, linavutwa au kusukumwa, kisha linakazwa kwa skrubu ndogo isiyozidi ncha ya kidole. Iangalie vizuri hiyo skrubu kwenye chombo chochote unachotaka kununua. Ikilegea katikati ya wimbo, chombo chote kinageuka mkononi.

Kwa hiyo kila moja nitaipima kwa mambo manne.

Sauti, kwanza. Hapa tundu la bomba lina neno, na madini yana neno. Tundu jembamba huifanya sauti ikusanyike na pumzi isipotee. Pana huifungua sauti lakini linakula pumzi. Shaba ya manjano ya kawaida ina takribani asilimia 70 ya shaba nyekundu, iliyobaki zinki. Ikiongezwa shaba nyekundu mpaka kama 85, wanaiita shaba ya dhahabu, na sauti inaelekea kwenye ugiza. Sikiliza hili kwa kiasi, lakini. Kikombe unachotumia kitabadilisha sauti kuliko madini. Nimesikia mtu akiweka kikombe chenye kina kifupi kwenye flugelihoni ya bei mbaya, na kilichotoka kilikuwa tarumbeta yenye mafua.

Pili, tuni. Kila chombo cha vali tatu kina ugonjwa mmoja: D ya chini, yaani vali ya kwanza na ya tatu pamoja, hupanda juu ya mahali pake, na C# iliyo chini yake, vali zote tatu, hupanda zaidi. Tiba ni kuvuta bomba la vali ya tatu wakati unapiga. Flugelihoni nyingine zina pete ya kuvutia kama tarumbeta, nyingine zina triga ya kusukuma kwa kidole. Tofauti nyingine ya tuni huonekana juu, na hiyo hutaijua mpaka upulize.

Tatu, matunzo: vali, mafuta, vipuri, na ukubwa wa shina la kikombe. Nne, bei. Ninazotaja ni za madukani ughaibuni, za kukadiria tu, kabla ya usafiri, ushuru na VAT, ambayo Tanzania Bara ni asilimia 18 na Kenya 16. Watu husahau hapo, halafu wanalia na wakala wa forodha.

Isiyo na jina

Hii huuzwa kwa majina ishirini, na mara nyingi ukifungua vali za majina mawili tofauti unakuta ndugu wa kiwanda kimoja. Nyingi zimefuata umbo la Yamaha, tena kwa karibu.

Sauti yake, niseme ukweli, mara nyingi si mbaya. Umbo la koni likishakuwa koni, ule ulaini unatoka hata kama aliyeikunja hakuwa na uchungu nayo. Tuni ndiyo bahati nasibu. Niliwahi kushika mbili za aina moja siku moja, moja ikitulia vizuri, nyingine E ya juu ikishuka mpaka ulazimike kuibana kwa midomo. Aliyezipanga kwenye boksi hakuzipuliza.

Matunzo ndiko kwenye kisa changu. Yangu ilifika Dar ndani ya boksi la bluu lenye zipu iliyokufa wiki ya kwanza. Mwezi wa nne, harusini Mbagala, MC ameshaita maharusi waingie, vali ya pili ikashuka na haikupanda. Nikapiga wimbo mzima nikiipandisha kwa ukucha wa kidole cha shahada kila baada ya noti. Mwezi uliofuata ile nguzo ndogo inayoshikanisha kinywa na vali iliachia risasi yake ya kulehemia. Fundi wa redio Kariakoo alijaribu na chuma chake cha kulehemia, hakikuweza, maana shaba inavuta joto lote na kulisambaza. Akaleta gesi. Nguzo ilishika, lakini vanishi iliungua ikaacha duara la kahawia lenye ukubwa wa sarafu ya shilingi mia. Vipuri havipo. Vali ikiharibika, umenunua pambo la sebuleni.

Bei yake ni dola 300 hadi 500 hivi. Inamfaa nani? Inamfaa mtu anayetaka kujua kama anaipenda flugelihoni kweli au alipenda wimbo mmoja tu. Inamfaa pia anayeweza kupuliza kabla ya kulipa, kwa sababu moja nzuri ikiwa mbele yako ni bora kuliko tano nzuri zilizo Guangzhou. Na bendi ya shule yenye bajeti ya kuchangisha, ikiwa kuna mwalimu mwenye mkono wa ufundi, itaitumia miaka. Kati ya hii na inayofuata kuna ngazi ya katikati, mathalani Jupiter wa Taiwan au John Packer wa Uingereza. Hao wana jina la kulinda na mtu wa kumpigia simu, nalo hilo ni sehemu ya unachokilipia.

Yamaha YFH-631G

Hiyo G mwishoni ni ya kinywa cha shaba ya dhahabu. Tundu lake ni milimita 10.5, katikati ya wembamba na upana. Sauti inatoka mviringo, haina ncha, na haishangazi mtu. Wapo wanaoiona haina tabia. Mimi naona ukiwa unabadilishana tarumbeta na flugelihoni katika wimbo mmoja, chombo kisichokushangaza ni rafiki.

Kwa tuni, hii ndiyo inayonipa kazi ndogo kuliko zote tano. Noti zinakaa zinapotarajiwa, na mtu aliyezoea tarumbeta ya Yamaha anahamia bila kujifunza upya. Ukiinunua, jaribu bomba la tatu linavyokwenda. Hapo ndipo chombo kipya kilichokaa stoo muda mrefu huwa kigumu.

Matunzo: Yamaha wana mawakala katika nchi nyingi, hivyo kuagiza pistoni au chemchemi ni suala la kusubiri, lakini inawezekana. Namba ya modeli inajulikana kila mahali, na ukitaka kuiuza kesho utampata mnunuzi hata kwa wanamuziki wasioijua flugelihoni, kwa jina tu. Bei huanzia dola 2,000 na kitu.

Inamfaa anayefanya kazi za kila namna: kanisani asubuhi, hotelini jioni, studio Jumatano. Ikiwa unatafuta sauti ambayo mtu akiisikia redioni atasema "huyo ni fulani", pengine itakuacha na njaa. Wenyewe Yamaha wanajua hilo. Wana ngazi ya juu ya Custom, ikiwemo YFH-8310Z waliyoitengeneza pamoja na mpiga tarumbeta Bobby Shew, lakini hapo bei inapanda ghorofa jingine.

Bach Stradivarius 183

Jina la Vincent Bach wapiga tarumbeta wanalijua kama madereva wanavyolijua la Toyota. Flugelihoni hii hutengenezwa Elkhart, Indiana, kule kule zinakotengenezwa tarumbeta zake. Tundu lake ni inchi 0.401, yaani kama milimita 10.2, jembamba kuliko la Yamaha kwa kiasi ambacho kwenye karatasi ni upuuzi na mdomoni unakihisi mara moja.

Sauti inakusanyika. Ina kiini. Ukipuliza kwa nguvu haitawanyiki, inakaza, na ukipiga mbele ya maikrofoni ile pumzi inayosikika pembeni ya noti inakuja yenyewe. Katika bendi ya dansi yenye gitaa tatu, besi na ngoma, hii inasikika pale ambapo nyingine zingezama. Tuni inataka sikio. Sisemi ni mbovu. Nasema haikusamehe ukiwa mvivu, nayo kwa mtu aliyezoea kusikiliza ni sifa, kwa aliyezoea kubonyeza tu ni adhabu.

Pistoni zake ni za Moneli, aleyi ya nikeli na shaba isiyopenda kutu, jambo lenye maana kwa sisi tunaokaa na chumvi ya bahari hewani. Vipuri vipo Marekani, bei yake ni ya Marekani. Chombo chenyewe kiko juu ya Yamaha, mara nyingi kwa tofauti ya kununulia tarumbeta ya kuanzia.

Inamfaa mpiga solo, na mtu mwenye tarumbeta ya Bach ambaye anataka vyombo viwili vinavyojibu pumzi kwa namna inayokaribiana. Kijana wa kidato cha pili atachoka nayo bure.

Getzen Eterna 895

Hapa kuna vali nne, na watu wawili kati ya watatu wanaoitamani hawajui ya nne inafanya nini. Wanaipenda kwa kuwa ni nne.

Vali ya nne inashusha sauti kwa hatua mbili na nusu, sawa na kubonyeza ya kwanza na ya tatu pamoja, ila bomba lake limekatwa kwa urefu sahihi. Ile D ya chini niliyoilalamikia hapo juu inakaa mahali pake bila kuvuta kitu. Ukiongeza vali nyingine juu yake unashuka chini ya F#, mahali ambapo chombo cha vali tatu hakifiki. Lakini kumbuka inabonyezwa na kidole kidogo cha mkono wa kulia, ambacho kwa wengi ni kivivu. Nilihitaji wiki nyingi za mazoezi ya kuchosha kabla cha kwangu hakijaacha kuchelewa.

Getzen ni kampuni ya Elkhorn, Wisconsin, iliyoanza mwaka 1939. Tundu la 895 ni pana, inchi 0.460, na hilo ndilo linaloamua sauti kuliko vali ya nne: kubwa, nzito, ya kutanda. Chini ni tamu kabisa, inakaribia kuwa baritoni. Juu inadai pumzi, na ukiwa umepiga tarumbeta saa mbili kisha ukaichukua, utajua. Tuni ya chini ni bora kuliko zote mezani. Ya juu inategemea kikombe na mpulizaji.

Kwa matunzo, hesabu ni rahisi: vali ya nne ni pistoni moja zaidi ya kutia mafuta, bomba moja zaidi la kukwama, na uzito unaouhisi mkono wa kushoto ukifika wimbo wa sita. Bei yake iko jirani na ya Bach.

Inamfaa anayepanga muziki mwenyewe na kurekodi, anayejaza sehemu za chini pale bendi isipokuwa na honi ya teno, na anayependa Clark Terry akinong'ona chini chini. Kama nyimbo zako hazishuki chini ya mistari ya noti, unabeba vali ya nne kama mtu anayetembea na mwavuli kiangazi.

Ya rotari, ya Kijerumani

Hii wengi wa mitandaoni hawaitaji, na kwetu ndiyo yenye historia ndefu. Makanisa ya Kilutheri ya Ujerumani yana kwaya za vyombo vya shaba, na mtu aliyezikuza sana, Johannes Kuhlo (1856–1941) wa Bethel karibu na Bielefeld, alitaka vyombo viimbe kama binadamu. Ndiyo maana alisisitiza flugelihoni. Misheni ya Bethel hiyo hiyo ilifanya kazi Usambara, na kuanzia 1910 Bukoba. Kwa hiyo mzee wa bendi ya tarumbeta akikuambia zamani sauti zilikuwa laini zaidi, usidhani ni uzee tu.

Badala ya pistoni inayopanda na kushuka, ndani kuna kidude kinachozunguka robo mzunguko. Miraphone wa Bavaria na V. F. Červený wa Cheki ni miongoni mwa wanaozitengeneza, na katika bendi za vijijini Austria na Bavaria flugelihoni ndizo hubeba melodi, si tarumbeta.

Sauti ni pana na ya giza kuliko zote, na noti zinaungana kama zimepakwa siagi. Ukitaka kudonoa noti fupi fupi za jazi, inakuvuta shati. Tuni ni nzuri kwenye zilizotengenezwa vizuri, na nyingi zina triga. Matunzo ni hadithi nyingine. Rotari haifunguliwi hovyo. Kuna mafuta mepesi ya ndani na mazito kidogo ya ekseli na viungo vya nje, na fundi asiyeijua akigonga kifuniko vibaya ameimaliza. Upande wa pili, ikitiwa mafuta na kuachwa kwa amani, inavumilia. Bei zinatofautiana sana, kuanzia jirani na Yamaha mpaka mbinguni.

Inamfaa kwaya ya shaba ya kanisa inayopiga tenzi kwa sauti nne, hasa ambayo tayari ina vyombo vya Kijerumani. Hapo kuna jambo moja la pembeni ambalo huwavuruga wanaohama: katika kwaya hizo za Kijerumani, noti isiyobonyezwa vali huandikwa Bb, kama inavyosikika, lakini katika bendi za mtindo wa Kiingereza, Jeshi la Wokovu wakiwemo, noti hiyo hiyo huandikwa C. Flugelihoni haina kosa. Uliza bendi inasoma vipi kabla hujaiambia chombo chako kimeharibika.

Shina la kikombe

Nimelitenga kwa sababu linawaumiza watu waliofanya kila kitu sawasawa. Vikombe vya flugelihoni vina mashina ya zaidi ya aina moja. Wenyewe hutenganisha mtindo wa Kifaransa, ulio mwembamba na karibu umenyooka, na mitindo inayochongoka, ambayo nayo haina ukubwa mmoja. Kikombe cha tarumbeta hakifai, hata kikiingia. Shina lisilofaa litazama sana au litabaki nje, na tuni yote inaharibika bila wewe kujua kwa nini. Unaponunua chombo, muulize muuzaji kwa maandishi shina lake ni la aina gani, ndipo uagize kikombe. Na chagua chenye kina kirefu, umbo la V. Huo ndio nusu ya flugelihoni.

Hili linagusa zaidi wanaotafuta za mtumba. Couesnon za zamani za Ufaransa bado zinapendwa kwa sauti yake, na bei wakati mwingine ni ya kirafiki, lakini zinatumia shina la Kifaransa, na vali zilizokula miaka 50 hazirudishwi kwa mafuta. Ukipata iliyotunzwa, nunua. Ukipata iliyotundikwa ukutani hotelini, iache hapo hapo.

Ukiwa nayo mkononi

Puliza noti ndefu kimya kimya kabla ya kupiga wimbo. Flugelihoni mbovu hujificha kwenye sauti kubwa na kujifichua kwenye ndogo. Washa apu ya tuni kwenye simu, lakini usiitazame mpaka noti itulie. Ukiitazama mapema midomo itairekebisha na utajidanganya.

Kisha pima kama vali zinavuja. Vuta bomba la vali ya kwanza taratibu bila kubonyeza vali, subiri pumzi mbili, ndipo ubonyeze. Lazima usikie "po!" ya hewa inayoingia. Ikiwa kimya, hewa ilishapita pembeni ya pistoni. Kwenye chombo kipya hilo ni sababu ya kukirudisha.

Vanishi au fedha? Pwani, jasho na chumvi hula vanishi pale vidole vinapokaa, na chini yake shaba huanza kutoa madoa mekundu. Fedha inakuwa nyeusi lakini inasuguliwa ikarudi. Bara kwenye ukavu, vanishi inatosha na inaokoa pesa. Popote ulipo, usitie mafuta ya cherehani kwenye vali. Yanateleza siku mbili, ya tatu yanakuwa gundi.

Kwa hali yako

Ukiwa unapiga matarumbeta ya harusi juu ya pikapu, barabarani, ngoma nyuma yako na honi za bodaboda mbele, nitakushauri usinunue flugelihoni kwa kazi hiyo. Sauti yake haikimbii mbali. Nunua tarumbeta nzuri, na hela iliyobaki weka.

Ukiwa katika bendi ya mtindo wa Kiingereza, nafasi ya flugelihoni ni moja tu, kati ya korneti na honi za teno, na kazi yake ni kuchanganyika. Yamaha inakaa hapo bila shida. Courtois ni ya kuulizia. Kabla ya kununua, mwulize kiongozi kama bendi haina moja stoo. Mara nyingi ipo, imebanwa na ngoma, imekosa kikombe tu.

Kwaya ya kanisa ya mtindo wa Kijerumani, yenye fundi au yenye uhusiano na kanisa rafiki huko Ujerumani: rotari, tena mbili kwa pamoja kama mnaweza, maana moja peke yake itameza wenzake wa pistoni au wao wataimeza.

Unapiga dansi au jazi kwa malipo na unataka kusikika: Bach, kama mfuko unakubali. Unarekodi na kujipangia muziki, unapenda chini: Getzen. Mwanafunzi ambaye mzazi ndiye anayelipa: ile ngazi ya katikati ya Taiwan au Uingereza, na tarumbeta yake asiiuze.

Una dola 400 na huna zaidi, na hamu haiishi: tafuta isiyo na jina iliyopo mjini kwako, si ya kwenye picha. Nenda na mpulizaji mwingine, mfanye lile jaribio la "po!" vali zote tatu, muangalie nguzo kama risasi imejaa pande zote. Na popote unapopokea boksi, iwe Mombasa, Dar au Kigali, lifungue kabla hujasaini karatasi ya wakala. Tazama kwanza kwenye bomba la mwanzo kama ile skrubu imo. Yangu haikuwemo, nilipiga wiki tatu nikiwa nimefunga bomba kwa raba ya manati.